PIKIPIKI NA MAFUTA YAKE

1. Chombo cha njia mbaya

Mto Mara huanza katika milima ya Mau, nchi ya Kenya. Hupita katika mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha huelekea magharibi hata kuingia katika Ziwa Victoria. Upande wa kaskazini wa mto huo iko wilaya ya Tarime, yenye vilima, migomba, kahawa na mahindi. Upande wa kusini iko wilaya ya Serengeti, ambayo mji wake mkuu ni Mugumu, nayo ni nchi ya ng'ombe wengi, ya mtama, ulezi na mihogo. Barabara kuu ya lami huvuka mto katika daraja la Kirumi, ikapita mjini Tarime na kufika Sirari, mpakani mwa Kenya. Lakini mtu aiachaye barabara ile na kuingia vijijini hukutana na njia za udongo. Wakati wa kiangazi njia hizo ni vumbi tupu; wakati wa mvua ni matope na utelezi, na kila kijito hujaa maji.

Katika njia kama hizo motokaa hushindwa mara nyingi, bali pikipiki hupita. Kwa hiyo pikipiki imekuwa miguu ya watu wa nchi hii. Mwalimu huipanda kwenda shuleni, mchungaji wa kanisa huipanda kwenda kuwatazama wagonjwa, na bwana shamba huipanda kwenda kwa wakulima. Wako tena vijana wengi wachukuao abiria kwa nauli, nao huitwa bodaboda. Jina hilo lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda. Huko wenye baiskeli walikuwa wakiwachukua watu kutoka mpaka mmoja hata wa pili, wakiita, "Boda! Boda!" kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Baiskeli zimekuwa pikipiki, na jina limebaki.

Wenye pikipiki wengi huziosha kila asubuhi, wakazipangusa hata zikang'aa. Hilo ni jambo jema. Walakini uzima wa pikipiki hauko katika kung'aa kwake. Uko katika mafuta yaliyofichwa ndani ya injini, ambayo mafundi huyaita oili. Watu wengi hawayaoni, kwa hiyo huyasahau.

2. Mfano wa kijana na mlima

Mfikirieni kijana mmoja akaaye katika kijiji kilicho mbali na Mugumu. Baba yake aliuza ng'ombe wawili, akaongeza na fedha za mavuno ya mtama, akamnunulia pikipiki. Kijana akafanya kazi kwa bidii mwaka mzima. Alitia petroli kila siku, kwa sababu petroli ikiisha pikipiki husimama palepale. Lakini oili hakuibadili, kwa sababu siku aliyoacha kuibadili pikipiki haikusimama. Wala siku ya pili haikusimama, wala mwezi wa pili.

Usiku mmoja jirani akaja akibisha mlango. Mkewe alikuwa ameshikwa na utungu, na mkunga wa kijiji alisema ya kuwa lazima apelekwe hospitali upesi. Kijana akawasha pikipiki, wakaondoka. Walipokuwa wakipanda mlima, injini ikaanza kugonga kama nyundo juu ya fuawe. Kisha ikatoa kishindo, ikakazana, gurudumu la nyuma likakwama. Kijana akapiga kiki, kiki haikushuka.

Ilikuwa giza, na njia ilikuwa tupu. Wanaume wakaitwa kutoka nyumba za karibu, wakamchukua yule mama kwa machela ya miti na blanketi, wakabadilishana mabega hata kulipopambazuka. Kwa rehema za Mungu walifika, na mama na mtoto wakawa wazima. Lakini saa zile za njiani hakuna aliyezisahau.

Asubuhi kijana aliisukuma pikipiki hata kwa fundi mmoja mzee. Fundi akaifungulia nati ya chini, yakatoka matone machache meusi, mazito kama lami.

"Mura," akauliza yule mzee, "injini hii ilibadilishiwa oili lini?"

"Tata, sikumbuki," akajibu kijana. "Lakini jana asubuhi ilikuwa nzima kabisa."

"Haikuwa nzima, mwanangu. Kila siku uliyoipanda ilikuwa ikifa kidogo kidogo, nawe ulikuwa hausikii."

Basi gharama ya kuitengeneza injini ile ilikuwa kubwa kupita uwezo wa kijana, na mafuta ambayo yangaliiponya ni lita moja tu. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mambo yake hutokea kweli mahali pengi, kwa watu wasioijua kazi ya oili.

3. Kazi ya oili ndani ya injini

Ndani ya injini mna silinda, mfano wa kikombe cha chuma. Ndani ya silinda mna pistoni, ambayo hupanda na kushuka. Petroli ikichanganyika na hewa huingia juu ya pistoni. Cheche ya plagi huiwasha. Nguvu ya moto huisukuma pistoni chini. Pistoni huzungusha mhimili uitwao kranki, kranki huzungusha gia, gia huvuta mnyororo, na mnyororo huzungusha gurudumu la nyuma.

Mwendo huo ni wa ajabu kwa upesi wake. Injini ya pikipiki ikizunguka mara 6,000 kwa dakika moja, ndiyo mara 100 kwa sekunde moja. Mtu akitamka neno "moja" polepole, pistoni imekwisha kupanda na kushuka mara 100.

Sasa kila mwanafunzi na asugue viganja vyake kwa nguvu huku akihesabu hata 20. Viganja hupata joto. Kisha na avipake maji na sabuni, avisugue tena. Mara hii huteleza, wala havipati joto kama kwanza. Hivyo ndivyo ilivyo katika injini. Chuma kikisugua chuma bila kitu katikati, hupata moto, hukwaruzana, na mwisho hushikamana kama kilichounganishwa na mhunzi.

Oili hufanya kazi tano. Kwanza, hutandaza utando mwembamba sana kati ya chuma na chuma, ili viteleze. Pili, hupoza. Pikipiki nyingi ndogo hazina maji ya kupozea kama motokaa. Hupozwa na upepo upitao katika mapezi ya injini, na kwa oili ichukuayo joto kutoka ndani na kulileta nje. Tatu, huosha, maana hubeba masizi na chembe za chuma, isiziache zikakaa mahali pa kukwaruza. Nne, huziba nafasi ndogo kati ya pete za pistoni na ukuta wa silinda, ili nguvu ya moto isitoroke. Tano, huzuia kutu.

Kwa nini basi huchakaa? Mtazameni mama anayeosha vyombo. Maji yakiwa safi, vyombo hutakata. Lakini kama angeosha vyombo vya siku saba kwa maji yale yale, angekuwa anavipaka uchafu badala ya kuviondolea. Oili nayo ni hivyo. Joto huiunguza siku kwa siku, masizi huijaa, mvuke wa maji na petroli kidogo huingia ndani yake, na dawa zilizotiwa kiwandani huisha nguvu. Tena hupungua, kwa sababu sehemu ndogo huungua. Kwa hiyo oili iliyochakaa haitoshi kuongezewa mpya juu yake. Sharti imwagwe yote.

4. Elijah McCoy na mkebe wa mafuta

Yafaa kumkumbuka hapa mtu mmoja mweusi aliyeutumikia ulimwengu kwa matone ya mafuta. Jina lake Elijah McCoy. Wazazi wake walikuwa watumwa katika Marekani, katika jimbo la Kentucky, wakatoroka, wakakimbilia Kanada, na huko mwana wao akazaliwa. Walimpeleka Scotland akajifunza uhandisi. Aliporudi na kutafuta kazi Marekani hakupewa kazi ya mhandisi, kwa sababu ya rangi yake. Alipewa kazi ya kutia makaa na mafuta katika gari la moshi la jimbo la Michigan.

Siku zile gari la moshi lilikuwa likisimama mara kwa mara, ili mtu ashuke na mkebe wake, atie mafuta katika viungo vya chuma. McCoy hakuidharau kazi hiyo. Aliitazama, akaifikiri, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: chombo cha kudondosha mafuta katika injini ya mvuke wakati inapokwenda, isilazimike kusimama. Aliendelea kuvumbua hata uzeeni, akafariki mwaka 1929.

Injini ya pikipiki ya leo nayo hujipaka mafuta yenyewe ikiwa katika mwendo. Pampu ndogo huyavuta kutoka chini na kuyapeleka juu. Lakini hakuna injini iwezayo kujibadilishia mafuta. Kazi hiyo imeachiwa mikono ya mwenyewe.

5. Wakati wa kubadili, na oili ya kununua

Kila pikipiki mpya huja na kitabu chake. Kitabu hicho hutaja baada ya kilomita ngapi oili ibadilishwe, na hesabu hiyo si moja kwa pikipiki zote. Pikipiki ikiwa mpya kabisa, badiliko la kwanza huja upesi, kwa sababu vyuma vipya hutoa chembe nyingi vinapozoeana.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu aendaye kilomita 80 kwa siku, siku 25 za mwezi, hupata kilomita 2,000 kwa mwezi. Kama kitabu kinasema kilomita 2,000, basi abadili kila mwezi, wala asingoje dalili yoyote. Na mtu apitaye katika vumbi, matope na vilima, akiwa amepakia abiria na mizigo, afanye mapema kuliko kitabu kinavyosema, kwa maana injini yake hutaabika zaidi.

Juu ya kopo la oili huandikwa tarakimu kama 20W-50. Tarakimu ya kwanza huonyesha wepesi wa oili injini inapokuwa baridi, kama asubuhi ya ukungu katika vilima vya Tarime. Tarakimu ya pili huonyesha uzito wake injini inapokuwa moto sana. Kitabu cha pikipiki hutaja tarakimu zinazofaa.

Jambo jingine husahauliwa na wengi. Katika motokaa, injini na giaboksi kila moja ina mafuta yake. Bali katika pikipiki nyingi, oili moja hutumika katika injini, giaboksi na klachi pamoja. Oili nyingine za motokaa zina dawa ya kuongeza utelezi, na dawa hiyo huifanya klachi iteleze, pikipiki ikapiga kelele nyingi bila kupata nguvu mlimani. Oili ya pikipiki huwa na herufi JASO MA au MA2, ambayo ni alama ya Wajapani ya oili ifaayo klachi za namna hiyo. Mnunuzi na atazame pia kifuniko kama hakijafunguliwa, maana wako watu wadanganyifu watiao oili mbaya katika makopo mazuri.

6. Vitu vitakiwavyo

Kabla ya kuanza, vitu hivi viwekwe tayari: oili mpya ya kiasi kilichotajwa katika kitabu, ambacho kwa pikipiki nyingi ndogo ni karibu na lita moja, kichujio kipya, kama pikipiki ina kichujio cha karatasi, washa mpya ya nati ya kumwagia, spana ziingiazo barabara katika nati, beseni kuukuu, dumu lenye kifuniko, faneli, vitambaa safi, na mafuta ya taa kidogo ya kuoshea.

Spana iliyo kubwa kuliko nati isitumike, maana huvunja pembe za nati, na nati iliyovunjika pembe ni taabu kuifungua. Mwanafunzi apendaye kujifunza kazi hii na aifanye pamoja na mzazi wake, au kaka, au fundi, asifanye peke yake. Na moto wowote, hata wa sigara, uwe mbali.

7. Kazi yenyewe

Kwanza, pikipiki huoshwa upande wa chini, hasa matope yaliyozunguka nati ya kumwagia na mfuniko wa kutilia oili. Chembe moja ya mchanga iingiapo ndani hufanya kazi ya tupa.

Pili, injini huwashwa kwa dakika tatu au nne, kisha huzimwa. Oili ya vuguvugu hutoka upesi na kuchukua uchafu pamoja nayo, bali oili ya baridi hutoka kwa uvivu na kuuacha uchafu chini. Walakini isifanywe mara baada ya safari ndefu, kwa kuwa oili hiyo huweza kuunguza mkono, na bomba la moshi vilevile.

Tatu, pikipiki husimamishwa wima mahali palipo sawasawa, na mfuniko wa juu hufunguliwa ili hewa ipate kuingia. Beseni huwekwa chini ya injini. Nati ya chini hulegezwa kwa spana, kisha humaliziwa kwa vidole, mkono ukiwa kando ya mahali oili itakapomiminikia. Oili huachwa ikatoka yote hata tone la mwisho.

Nne, mwenye pikipiki na aitazame oili ile, kama tabibu amtazamavyo mgonjwa ulimi. Ikiwa nyeusi tu, si ajabu; imefanya kazi yake ya kuosha. Ikiwa imefanana na chai ya maziwa, maji yameingia, labda pikipiki ilipovushwa katika kijito kilichojaa. Ikiwa inametameta kama vumbi la fedha, au mna vipande vya chuma vishikikavyo kwa vidole, injini inalika ndani, na yafaa fundi aitwe kabla ya safari nyingine.

Tano, huja kazi ya kichujio. Pikipiki nyingine zina kichujio cha karatasi kilichokunjwakunjwa, kikaacho nyuma ya kifuniko kidogo ubavuni mwa injini. Nyingine zina wavu mwembamba wa chuma tu. Wavu hauna haja ya kutupwa. Huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, hurudishwa. Lakini kichujio cha karatasi hakioshwi, hubadilishwa. Wakati wa kukitoa, mtu aangalie vizuri upande gani ulikuwa nje, na springi ilikaa wapi. Hili ni jambo kubwa, kwa sababu vichujio vingine vikigeuzwa huziba njia ya oili. Injini iliyojaa oili mpya ikafa kwa kiu. Vingine vimeandikwa upande wa nje. Afadhali mtu apange kila kitu juu ya kitambaa kwa taratibu alivyokitoa, kisha akirudishe kwa kuanzia cha mwisho. Pete ya mpira ya kifuniko hupakwa oili mpya kidogo, nayo ikiwa imepasuka au kuwa ngumu hubadilishwa.

Sita, nati ya chini hupanguswa, hutiwa washa mpya, na huzungushwa kwanza kwa vidole. Ikikataa kuingia, isilazimishwe kwa spana; itolewe ianzwe upya, maana huenda imeingia mshazari. Halafu hukazwa kwa spana kwa kiasi tu. Mwili wa injini ni wa alumini, nayo ni laini kuliko chuma cha nati. Watu wengi wenye nguvu wameharibu meno ya tundu hilo kwa kukaza kupita kiasi.

Saba, oili mpya hutiwa kwa faneli, polepole. Hutiwa kwanza pungufu kidogo ya kiasi, kisha hupimwa kwa kijiti au kwa kioo kidogo kilicho ubavuni, hata ifike kati ya alama mbili. Pikipiki nyingine kijiti chake hupimwa bila kukifunga, nyingine baada ya kukifunga, kitabu hueleza. Oili ikipungua, injini huungua. Ikizidi, oili husukumwa nje kwa nguvu, hupasua mipira ya kuzuilia, na hutoa moshi. Kwa hiyo kipimo ni kipimo, si cha kukisia.

Nane, injini huwashwa, ikaachwa iende taratibu dakika mbili au tatu bila kuvutwa mafuta kwa kelele. Oili hupita katika njia zote na kukijaza kichujio. Huzimwa, hungojewa kidogo, hupimwa tena, na huongezewa ikiwa imepungua. Kisha mtu huinama atazame kama kuna tone lolote chini ya nati au kifuniko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tisa, na ndiyo kazi ya mwisho, kijana huchukua daftari akaandika siku ya mwezi na kilomita zilizoonyeshwa. Daftari halisahau.

8. Oili chafu iende wapi?

Kazi haijakwisha, maana beseni limejaa oili nyeusi. Wengine huimwaga nyuma ya nyumba, wengine shimoni, wengine njiani ili kulaza vumbi, wengine hata katika choo. Huona imenyonywa na udongo, wakadhani imekwisha.

Haikwisha. Mvua ikinyesha, sehemu yake huchukuliwa na maji. Maji ya uani huingia katika mfereji, mfereji katika kijito, kijito katika mto Mara, na mto katika ziwa. Njiani wako mama wachotao maji kwa ndoo, watoto waogao, ng'ombe wanywao, na wanyama wa porini wasioweza kusema. Tone dogo la oili hutandaa juu ya maji, likafanya rangi kama za upinde wa mvua. Rangi hizo hupendeza machoni, lakini utando ule huzuia hewa isiingie majini, na samaki na wadudu wa majini huishi kwa hewa hiyo. Tena oili iliyotumika ina chembe za metali na masizi yenye sumu, na baadhi ya sumu hizo huweza kuleta saratani. Kwa hiyo isipakwe katika vidonda vya watu wala vya ng'ombe, wala isiwashwe jikoni. Mikono iliyoishika ioshwe kwa sabuni mara moja, isioshwe kwa petroli.

Njia iliyo sawa ni hii. Oili chafu humiminwa kwa faneli katika dumu lenye kifuniko, na dumu huandikwa OILI CHAFU, ili mtu asije akadhani ni mafuta ya kupikia. Huwekwa mahali pasipofikiwa na watoto wala mvua. Kichujio cha kale huachwa kikachuruzika, kisha hufungwa katika mfuko. Dumu likijaa, hupelekwa kwa gereji ikusanyayo oili chafu katika mapipa. Kutoka huko huweza kupelekwa viwandani, ambako husafishwa au kuchomwa katika matanuri yenye moto mkali. Bodaboda kumi wa kituo kimoja wakishirikiana, dumu moja kubwa huwatosha wote, na mmoja wao huweza kulipeleka mjini kwa zamu. Hata kama mji uko mbali, dumu lililofungwa vizuri huweza kungoja. Maji yaliyoharibika hayangoji.

9. Uaminifu katika jambo lililofichwa

Wanafunzi wajuao Injili watakumbuka mfano wa wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, na taa zote zilionekana sawa mchana. Tofauti yao ilionekana usiku, bwana arusi alipokuja, kwa maana watano hawakuchukua mafuta. Vivyo hivyo pikipiki zote kituoni huonekana sawa zikioshwa. Tofauti yake huonekana usiku, katika mlima, mgonjwa akiwa nyuma.

Kazi ya kubadili oili huchukua muda usiozidi saa moja. Hakuna apigaye makofi mtu aifanyapo, wala abiria haoni. Lakini kwa kazi hiyo ndogo ng'ombe wa baba hawapotei bure, mgonjwa hufika, na maji ya mto hubaki maji. Kijana wa ule mfano alijifunza kwa gharama kubwa. Mwenye akili hujifunza kwa gharama ya lita moja.

MASWALI

1. Kwa nini petroli haisahauliwi, lakini oili husahauliwa?
2. Taja kazi tano za oili ndani ya injini.
3. Elijah McCoy alipewa kazi gani, naye aliifanyia nini?
4. Mtu huenda kilomita 60 kwa siku, siku 25 za mwezi. Kitabu chake husema oili ibadilishwe kila kilomita 3,000. Abadili baada ya miezi mingapi?
5. Oili iliyofanana na chai ya maziwa humwambia mwenye pikipiki jambo gani?
6. Eleza safari ya oili iliyomwagwa uani hata ifike ziwani. Ni nani wanaodhurika njiani?
7. Andika habari fupi ya kazi moja ya nyumbani kwenu isiyoonekana na watu, ambayo ikiachwa huleta hasara kubwa.